Roboti kakata fresh, mbao ndo zikagoma

Jamani wiki nzima nimekesha kwenye kompyuta nachora viungo vya mbao, programu inapiga yenyewe hesabu ya kila pembe, roboti ikakata safiii, mbao zikalala pale kwenye unyevu siku mbili, kuja kuunganisha haviingii! Kumbe zimevimba, nusu milimita tu lakini kwa kiungo cha kubana ndo basi tena. Tukarudi kwenye patasi na nyundo, fundi mzee anacheka tu (ana haki). Halafu nikawaza lile banda la mbao la BUGA (maonyesho ya bustani ya Ujerumani) kule Heilbronn, 2019, vipande 376, kila kimoja umbo lake, lilifunika upana wa mita 30 bila nguzo katikati. Mimi vipande 12 tu jasho limenitoka 😂