Uwanja nilioacha kuufagia

Nyuma ya nyumba yetu, njiani kupanda Amani kwenye milima ya Usambara, kuna mfenesi mmoja na miembe miwili iliyopandwa na babu yake mume wangu. Jua likifika chini ni madoadoa tu. Mchicha nilioupanda pale ulinyong'onyea, matembele yakarefuka mashina bila majani. Kwa miaka kazi ya uwanja ule ilikuwa moja: kufagia majani asubuhi, kuyachoma jioni.

Tamaa ya maua niliipatia Dar es Salaam. Kwenye kitalu cha kando ya barabara nilinunua kikopo chenye ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini. Muuzaji akaniambia, "Hili dada ni ua la Ulaya, litunze." Nikalipakata kwenye basi hadi Muheza. Mume wangu alipoliona alicheka sana. Ua la Ulaya? Yeye utotoni alikuwa akiliona kwenye mawe ya mtoni akienda kuoga!

Ni sentpolia, na kwao ni huku. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la ukoo huo. Sasa linakaa madirishani dunia nzima, na mimi nimelilipia nauli ya kurudi nyumbani.

Nikalipanda kama mtu anayepanda nyanya: udongo mweusi, samadi, maji kila siku. Wiki ya tatu shina lilikuwa laini kama ndizi iliyooza. Nikanunua mengine mawili. Moja likafa vilevile, la pili nikalihamisha haraka kwenye kopo la mchanga, likabaki na majani kumi na moja ya huzuni.

Kilichonifungua macho ni siku tuliyoingia msitu wa hifadhi ya Amani na muongoza wageni. Alituonyesha sentpolia kwenye mwamba uliosimama karibu wima. Nikachungulia. Mizizi ilikuwa ndani ya mboji nyembamba, haifiki unene wa kidole, na maji yalikuwa yanatiririka juu yake bila kutuama. Nikanyoosha mkono. "Mama, hapa hatung'oi hata jani," akasema, kwa upole lakini hakucheka. Ana haki. Baadhi ya aina zake zinaota kwenye kipande kidogo cha msitu tu, kikifyekwa, basi.

Nyumbani nikapanga mawe ya mtoni chini ya mfenesi, ukuta wa kufika magotini uliolala kidogo. Mianya nilitaka kuijaza mboji, mchanga na mkaa uliopondwa. Mchanga upo, mkaa upo. Mboji? Nikazunguka uwanja mzima sikupata hata konzi, maana miaka yote tulikuwa tunaichoma. Mboji ya kwanza nikaiomba kwa jirani mwenye shamba la iliki, na tangu siku hiyo sikufagia tena kivulini.

Mama mkwe hakukubali. "Mama Asha, unafuga nyoka?" Uwanja usiofagiwa kwake ni aibu ya nyumba. Tukaelewana: mlangoni na njiani pafagiwe hadi pang'ae, kivulini niachiwe mimi.

Yale majani kumi na moja niliyakata, kila moja na kikonyo chake cha kama sentimita 3, nikayachomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kuyafunika kwa chupa za maji zilizokatwa nusu. Baada ya mwezi nikivuta kidogo, linashikilia. Miezi miwili ikipita, chini ya jani kuu vikachomoza vijani kama masikio ya panya. Saba yalifaulu, yako ukutani hadi leo. Maji nayatia shinani tu. Maji baridi yakigusa jani yanaacha mabaka meupe yasiyotoka.

Mengine yalikuja kwa kuokota. Jirani alikuwa analima mihogo, akatupa kando kitunguu cha mwitu. Nikakiomba, akanishangaa. Mvua zilipoanza kikatoa ua moja jekundu, duara kama mpira, limesimama peke yake. Nimekizungushia miiba kwa sababu ya mbuzi, kina sumu. Zamiokulkasi, ambayo Dar wanaiweka maofisini, nayo asili yake ni misitu ya pwani yetu. Nilichomeka kijani kimoja, kikakaa karibu mwaka mzima kimya. Nilipokifukua kwa hasira nikakuta kiazi kama karanga. Nikakifukia upesi. Iliki nimepanda mashina manne, mwaka wa tatu huu, maua yametambaa chini kabisa kwenye majani makavu.

Adui aliyebaki ni konokono. Natoka na tochi baada ya isha, jana nimeokota tisa.

Juzi mama mkwe alikuja na kopo la maziwa lililotobolewa chini, akaomba jani moja. Nimempa mawili. Uwanja wake bado anaufagia.