Mamajusi Waliopanda Ngalawa

Bagamoyo, 27 Desemba

Shule zikishafungwa mwanzoni mwa Desemba, nyumba yangu hutawaliwa na swali moja: Krismasi bado siku ngapi? Linaulizwa asubuhi kabla ya chai, linaulizwa mchana watu wamejilaza, linaulizwa na kitinda mimba ambaye hata ukimjibu hajui kumi na nane ni nyingi au chache. Zamani nilikuwa najibu. Siku hizi anayeuliza nampa kazi.

Shoga zangu wakiona mapambo yetu husema, "Wewe mwenzetu mbunifu." Wengine hudhani nabana matumizi. Jamani, hakuna kilichobanwa hapa. Piga hesabu ya samli, sukari, mkaa na sabuni ya kufulia nguo zilizomwagikiwa rangi, utaona mapambo ya dukani ni nafuu mara nyingi. Nafanya hivi kwa sababu mtoto mdogo hajui kungoja mikono mitupu. Kanisani tunaambiwa Majilio ni kipindi cha kungoja, na sisi wakubwa tunaitikia kwa kichwa. Kwa mtoto wa miaka minne kungoja ni adhabu, hasa kwa joto hili. Mpe cha kukunja, cha kukanda, cha kusogeza, hapo ataweza.

Basi tulianza na mishumaa. Taji la Majilio linataka mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, huo wa Jumapili ya tatu. Mimi nimelelewa usharikani kule Lushoto, nimekuja kuwa mtu wa parokia kwa sababu ya ndoa, na taji hili nimelikuta pande zote mbili, kwa hiyo hakuna wa kunifundisha wala wa kunipinga. Mishumaa ya zambarau madukani kwetu ni ya kubahatisha. Tunanunua myeupe, tunaifunga kiunoni vipande vya kitambaa kutoka kwa fundi cherehani wa mtaani, ambaye huwawekea watoto makapi ya vitenge kwenye mfuko mwaka mzima. Vinara ni vifuu. Baba yao alivikata, mkubwa na wa kati wakavisugua kwa msasa kibarazani mpaka vikang'aa, na vumbi lake likatufuata hadi kitandani. Mshumaa uliowekwa upande wa dirisha la magharibi ulipinda kwa joto kabla ya kuwashwa, ukainamisha kichwa. Nilitaka kuubadilisha, nikakatazwa. Kwamba huo unasali.

Mti wetu ni tawi la mvinje. Kwetu Lushoto tulikuwa tunatumia msaipresi, asubuhi yenye ukungu, mtu amevaa sweta, na nyumba nzima inanukia. Mvinje haunukii hivyo, lakini ule wembamba wa majani yake unafanana nao vya kutosha, na pwani hii upo tele. Hatukati. Tunaokota tawi lililoangushwa na upepo, tunalisimamisha kwenye ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga. Kuna nyumba zinabandika pamba kwenye mti ili ionekane theluji. Sina ugomvi nazo, kila mtu na nyumba yake. Ila kaskazi inavuma, watu wanalala madirisha wazi, mikrismasi ya barabarani imewaka maua mekundu tangu mwezi uliopita, halafu ndani tuigize baridi? Wanangu hawajawahi kuiona theluji. Simbi wanazijua.

Kuhusu simbi na makombe, sheria ya nyumbani ni kuokota yaliyo matupu tu, na lazima uchungulie ndani kwanza. Mwaka huu mchunguliaji hakuwa makini. Makombe yalilala mezani yakisubiri uzi, na asubuhi moja kombe likakutwa chini ya friji likitembea. Yule kaa mdogo anayejihamishia kwenye kombe la konokono alikuwa amekuja nalo nyumbani kwetu. Alirudishwa baharini kwa msafara wa watoto wote wa mtaa, akiwa ndani ya kikombe cha plastiki, na siku ile hakuna aliyeniuliza bado siku ngapi.

Nyota ndizo zilizotupa kazi nzuri kuliko zote. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni bibi mmoja msusi wa mikeka. Watoto walikwenda kumwomba masalio ya ukindu, nami nikawasindikiza ili wasiende kuomba na vilivyo vya kazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnataka nini na mama yenu?"

"Nyota ya Yesu."

Bibi ni Muislamu, anafunga Ramadhani yote na sita za Shawali juu. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akasogeza mkeka, akasema, "Haya kaeni. Nyota za Issa bin Mariamu tunazisuka hapa hapa." Akalowesha chane kwenye bakuli la maji ili zisivunjike. Akachukua mbili, akazipishanisha katikati, akazibana kwa kidole gumba cha mguu. Zikaongezwa mbili nyingine, moja juu, moja chini. Mikono ikawa inaenda bila yeye kuitazama, macho yako kwa kitinda mimba aliyekuwa anajaribu kula ukindu. Mara nne akakunja, akachomeka ncha, akavuta. Nyota ikatoka na pembe zake zote. Wangu wa kati alitazama kidole cha mguu cha bibi muda mrefu kuliko alivyotazama nyota. Sasa naye hawezi kusuka bila kuvua viatu.

Zao zilitoka zimekaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, na nyingine ilikuwa fundo tu, lakini zote ziko mtini. Ukindu ule ulikuwa wa rangi, ile ya pakiti ya kuchemshia mikeka, na haukuwa umesuuzwa vizuri. Watoto wamehudhuria misa ya Krismasi wakiwa na viganja vya zambarau. Padri aliwapa mkono mlangoni, akaitazama ile mikono, akasema inaendana na Majilio ila wamechelewa.

Karatasi nazipita haraka. Kalenda ya mwaka unaoisha inakatwa vipande, inakuwa mnyororo wa kuzungushia ukuta. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Inashika vizuri. Sisimizi nao wanaipenda.

Pango la Noeli ndilo lililozua mjadala. Paa la makuti, hori la ganda la nazi, wanyama wa udongo wa mfinyanzi uliokaushwa kivulini ili usipasuke. Niliwasimulia kwamba desturi hii ilianzia kwa Fransisko wa Assisi, mwaka 1223 huko Greccio, Italia, na kwamba yeye alileta ng'ombe na punda hai kabisa. Hilo la wanyama hai nadhani ningeliacha, maana mkubwa alitoka moja kwa moja kwenda kuulizia mbuzi wa jirani wa nyuma. Mbuzi hakukubali, mwenye mbuzi ndiyo kabisa.

Tulipofika kwa mamajusi, mkubwa akaanza kufinyanga ngamia. Wa kati akamtazama, akauliza wametoka wapi hawa. Mashariki, nikamwambia, ndivyo Mathayo alivyoandika. Akanyoosha mkono dirishani. Kwetu Bagamoyo mashariki ni bahari. Jua linatoka majini, kila mtoto anajua. Akasema, kwa sauti ya mtu anayewaonea huruma wenzake, "Sasa ngamia anaogelea?"

Nilijaribu kueleza habari za Bethlehemu na jangwa na kwamba mashariki ya kule si mashariki ya hapa. Nilijieleza vizuri tu. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu mkubwa alikuwa ameshaweka ngamia chini, na wote wawili wanajadili chombo. Jahazi kubwa mno kwa kabati letu. Mashua sawa, lakini nani ataweza kuunda mashua? Ikakubaliwa ngalawa. Chini ya minazi kwa bibi kulikuwa na karara lililokauka, umbo lake chombo tayari. Mkubwa akaitia matengo, yale ya pembeni ya kuizuia isipinduke, ya vijiti vya mvinje yasiyolingana, tanga likawa kipande cha khanga iliyochakaa. Mamajusi watatu hawakuenea. Mathayo hakutaja idadi yao, ametaja zawadi tatu tu, na hilo nililisema nikidhani nitaokoa hali. Wakaamua wawili wapande, wa tatu abaki amekaa kwenye tanga na zawadi zake, aitwe nahodha.

Tangu Jumapili ya pili ya Majilio ngalawa inasafiri juu ya kabati la sebuleni, kutoka upande wa dirisha la bahari kuelekea pangoni. Kila jioni baada ya sala mmoja wao anaisogeza, upana wa kidole, zamu kwa zamu. Haifiki siku ya Krismasi. Inafika Tokeo la Bwana, mwanzoni mwa Januari. Nimegundua kwamba swali la siku ngapi limehamia huko: hawaulizi tena kalenda, wanapima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya omo, yaani mbele ya ngalawa, na pango.

Krismasi yenyewe tulisali Misheni, kwenye kituo cha kale cha wamisionari hapa Bagamoyo. Baada ya misa watoto walikimbilia chini ya miembe, nguo mpya zikapata vumbi lake la kwanza, na wageni wetu wa Dar wakataka kuoneshwa mnara alimolazwa Livingstone mwaka 1874 mwili wake ukisubiri kuvushwa Zanzibar. Wanangu hawana habari na Livingstone. Wao wana mbuyu wao, ule mkubwa uliomeza mnyororo. Husimuliwa kwamba mnyororo ule ulifungwa pale zamani kwa ajili ya punda, mti ukanenepa ukaufunika, na sasa kimebaki kipande kidogo tu cha kugusa. Kitinda mimba aligusa akauliza kama ni punda wa Mama Maria. Mjomba wake akasema ndiyo bila kufikiri mara mbili. Nitalishughulikia hilo mwakani.

Nilikaa kwenye mzizi nikiwatazama. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakaanza kituo hapa, na katika watu wa mwanzo wa kituo kile wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Nililijua jambo hili tangu nikiwa mgeni Bagamoyo, limeandikwa kwenye makumbusho pale pale. Ila mwaka huu, baada ya wiki tatu za kukaa na watoto wangu na ukindu na udongo, nilijiuliza Krismasi za kwanza za watoto wale zilikuwaje. Mtoto aliyepoteza mama na jina la kijiji chake, anaambiwa leo ni sikukuu ya mtoto aliyezaliwa safarini. Pengine walimwelewa haraka kuliko sisi. Mkubwa wangu aliwahi kuniuliza walikuja na nini kutoka makwao. Nilimwambia hawakuja na kitu. Alinyamaza, kisha akauliza kama mtu aliwapa cha kuchezea, na hapo sikuwa na la kumwambia.

Visheti tulivipika tarehe 24, na hapa ndipo mikono midogo ina faida ya kweli. Unga wa ngano, samli ya moto kidogo, iliki, tui la nazi la kukandia. Donge liwe gumu kiasi, likilainika kisheti hakishiki umbo. Mtoto anachukua kidonge kidogo, anakibonyeza mgongoni mwa uma, anakiviringisha, kinatoka na mistari na tumbo wazi, kombe kabisa. Vidole vyangu vinatoa vinene, vyao vinatoa vinavyostahili kuuzwa. Karai nalisimamia mimi na hakuna mtoto anayevuka mstari wa mkeka. Baadaye shira: sukari na maji kidogo, iachwe ichemke mpaka inate kati ya vidole, visheti vitiwe, na kugeuza kwa mwiko bila kusimama hadi sukari ikauke na kuwa nyeupe juu yake. Ukisimama kupokea simu umepata tofali. Kashata tulikuwa tumezipika mapema, zikatokwa jasho kwa unyevu huu wa pwani, tukazila sisi wenyewe kabla wageni hawajaziona.

Sahani ya kwanza ilikwenda kwa bibi. Sahani ya kwetu hairudi tupu, na hii ilirudi na biriani, pamoja na salamu kwamba visheti ni vizuri ila iliki tumeionea huruma. Ameagiza Idi watoto waje kwake mapema, kuna vileja vya kukatwa na yeye macho hayamsaidii tena usiku.

Wageni wameondoka leo asubuhi. Ngalawa imepita redio, imebakiza glasi na picha ya harusi yetu. Jioni hii ilikuwa zamu ya kitinda mimba, na aliposogeza aliona mamajusi wamebeba dhahabu, uvumba na manemane lakini hakuna mwenye chakula. Akawatilia kisheti. Sasa hivi nimepita na taa: msafara wa sisimizi umeanzia kwenye mnyororo wa karatasi, umeshuka ukutani, umepanda matengo, na nahodha hayuko tena kwenye tanga. Kaka yake anasema ameshuka kuogelea. Wanataka niache taa ya sebuleni ikiwaka mpaka arudi, na luku inasoma uniti tatu.