Alama ya Pili

Mwanangu anaondoka Jumapili kwenda Guangzhou. Leo mchana nilikuwa namsaidia kukunja nguo, akaniuliza macho yakiwa kwenye simu: "Mama, kule WhatsApp inashika?"

Nikaiweka chini blauzi niliyokuwa nimeishika.

Ilikuwa Oktoba 2018, safari yangu ya kwanza kule. Nilifikia hoteli ya Xiaobei, mtaa wa huko huko Guangzhou, mikoba ya kuuza nikiifuata soko la Sanyuanli. Siku ile ile niliyotua nikanunua laini kwenye kibanda cha jirani. Msichana wa pale akapiga picha pasi yangu, kisha akanipiga na mimi nikiwa nimeishika chini ya kidevu. Nikatoka na bando kubwa kwa pesa ndogo, mnara umejaa, 4G imeandikwa pale juu. Nikafungua WhatsApp. Inaunganisha. Inaunganisha. Nikazima simu, nikawasha. Ramani ya Google nayo haifunguki, Gmail haifunguki.

Kariakoo waliniambia China mtandao unasumbua. Kusumbua ninakokujua mimi ni kukatika na kurudi. Hakuna aliyenifafanulia kwamba milango yenyewe imefungwa, kwamba WhatsApp ilizibwa kule mwaka 2017, Facebook na YouTube zamani zaidi, na kwamba VPN, programu ya kupenya milango hiyo, unaiweka kwenye simu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishafika hata duka la programu la Google hulioni. Laini yangu ya Tanzania nilikuwa nimeichomoa nikaifunga kwenye leso, maana niliambiwa ikishika tu mnara wa ugenini inakula pesa. Ile ya Kichina haikufunguliwa kupiga nje ya nchi. Na mimi nilikuwa nimeshamwahidi mama: "Nikifika tu nakutumia."

Siku tatu zikapita. Mchana nilikuwa sokoni, naonyesha rangi kwa kidole na bei kwa kikokotoo, natembea na kadi ya hoteli iliyoandikwa Kichina ili dereva wa teksi aisome. Wateja wangu walikuwa wanasubiri picha wachague, na picha haziendi. Hilo lilinitia hasara, lakini silo lililoninyima usingizi.

Usiku wa tatu kijana mmoja wa Tanga, aliyekuwa akitukalimania, akanikuta kwenye ngazi za hoteli nimeshika simu. VPN yake mwenyewe ilikuwa inazunguka tu tangu asubuhi. Akaniambia: "Dada, rudisha laini ya nyumbani uwashe roaming. Laini ya kwetu data yake haitokei kwenye mlango wa hapa, inabebwa mpaka kwa kampuni yako Tanzania ndipo inaingia intanetini. Itafunguka. Ila itakukata sana, fanya haraka."

Nilikuwa na salio la shilingi 30,000. Nikapanda chumbani, nikafungua leso, nikatoboa kile kitundu kwa kipini cha hereni. Ilikuwa saa 5 usiku. Dar saa 12 jioni, najua muda si mrefu mama ataswali Magharibi, kisha akae barazani.

Kimya kidogo. Halafu simu ikaanza kutetemeka mkononi na haikunyamaza. Kamati ya harusi ya binamu yangu, kikundi cha mtaa, wateja, barua pepe, kila programu iliyokosa pumzi siku tatu ikaamka kwa pamoja, na zote zilikuwa zinakula salio lile lile. Nikawa napeleka kidole chini, chini, natafuta jina moja. Nikalipata. Mama alikuwa na ujumbe wa sauti mitano. Mama ambaye kabla ya safari ile hakuwahi kutuma hata mmoja; mwanangu ndiye aliyemfundisha kukandamiza kile kipaza sauti asikiachie.

Wa kwanza: "Umefika? Umekula?" Nyuma yake jogoo. Wa pili anauliza hilo hilo. Wa tatu ameshusha sauti, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa: "Mwanangu, mimi naona alama moja tu. Ile ya pili haiji. Mwanao kanifundisha, ya pili ikija ndiyo umefikiwa. Nimekaa naiangalia." Hapo akanyamaza bila kuachia kidole. Nikasikia pumzi yake, na mtu anapita na baiskeli anapiga kengele, kisha basi.

Nikakandamiza kipaza sauti nikasema, "Mama, nimefika salama, ni mtandao tu." Pembeni ya maneno yangu kikatokea kile kisaa kidogo cha kusubiri. Nikakitazama. Ikaingia meseji ya kampuni: salio lako limekwisha. Kisaa kikabaki pale pale. Ujumbe wa nne na wa tano vilikuwa bado vina kiduara, havijashuka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nikashuka kumgongea yule kijana. Yeye alikuwa na WeChat, ambayo kule ndiyo kila kitu, na dada yake wa Mbagala alikuwa nayo. Akamwandikia, dada yake akampigia mama simu ya kawaida. Mama akakata. Alidhani matapeli, si unajua wanavyoanza: mwanao yuko ugenini, amepata shida. Akapigiwa tena. Safari hii akasema, kama kweli mwanangu yuko na nyinyi, muulizeni babu yake alikuwa anamwita nani. Swali likasafiri Tandika, Mbagala, Guangzhou, likanikuta nimekaa kwenye ngazi. Nikalitaja jina. Dakika chache baadaye jibu likaja: mama yako amesema haya, akale.

Ule wa nne na wa tano niliusikia Addis wakati wa kurudi, kwenye intaneti ya uwanja wa ndege. Wa nne alikuwa analia. Wa tano ulikuwa wa sekunde mbili, hauna kitu, nadhani alibonyeza kwa bahati mbaya. Sijamwambia kamwe kwamba niliusikia ule wa nne.

Mwanangu amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha: amenunua eSIM, laini isiyo na kadi, ya Hong Kong, VPN mbili zimeshakaa kwenye simu, WeChat ameshafungua. Amejipanga kuliko nilivyojipanga mimi. Nikamuuliza bibi yake ameambiwaje. Akasema atamtumia akifika.

Nimemwambia avae viatu, aende Tandika leo leo, akae naye barazani amweleze kwa mdomo kwamba alama ya pili inaweza kuchelewa. Ametoka tangu saa 9. Sasa hivi giza limeingia na hajarudi, na sijui anatumia maneno gani.