Uvimbe wa Maji Shingoni kwa Mtu Mzima
Kila ninapompiga ultrasaundi mtu mzima mwenye uvimbe wa maji pembeni mwa shingo, sikubali haraka kwamba ni kifuko alichozaliwa nacho, kwa maana saratani ya papilari, aina mojawapo ya saratani ya thairoidi (tezi iliyo mbele ya shingo), husambaa mara nyingi hadi kwenye tezi za limfu za shingo, na baadhi ya tezi hizo hugeuka vifuko vya maji. Nauchunguza ukuta kwa makini: kinyama kilichochomoza ndani kikiwa na mishipa ya damu, au vidoa vyeupe vya chokaa, hunitia shaka kubwa. Kisha naikagua thairoidi yenyewe, ingawa chanzo cha saratani humo chaweza kuwa kidogo mno. Maji yanayovutwa kwa sindano huweza kukosa seli za kutosha kuonyesha saratani. Ndiyo maana nasisitiza yapimwe pia thairoglobulini, protini inayotengenezwa na thairoidi, ambayo ikiwa nyingi huelekeza kwenye thairoidi.