Mradi wa jicho la nzi: R8 zimepata nafasi, sasa zamu ya R7

Programu yangu ya kuigiza jicho la nzi wa matunda, Drosophila, imevuka hatua niliyoisubiri kwa hamu: seli za R8, aina mojawapo ya seli za kuhisi mwanga, sasa zinajitenga zenyewe.

Nimezichora seli kama pembesita zilizobanana, kila moja na majirani sita. Juu ya utando wa kila seli kuna Delta, protini inayopeleka ujumbe, na Notch inayoupokea. Seli ikiguswa na Delta nyingi ya jirani, Delta yake hupungua. Mwanzoni nazipa zote kiasi kinachokaribiana, lakini vijitofauti vidogo hukua mpaka seli moja inatamba na zote zinazoizunguka zinanyamaza. Inayotamba ndiyo R8, seli ya kwanza ya kuhisi mwanga katika kila kijicho, yaani kila kipande kidogo kati ya vingi vinavyounda jicho la nzi. Sikuipangia mahali hata moja! Nimelitazama tukio hilo mara nyingi na bado linanisisimua.

Kwa nzi halisi mambo hayaendi kwa mkupuo. Ndani ya buu, mfereji mwembamba hupita kwenye tishu ya jicho kutoka nyuma kwenda mbele, ukisukumwa na protini ya Hedgehog kutoka kwa seli zilizokwisha kujua kazi yao. Mfereji huo sijauweka bado, ndiyo maana safu zangu hazijanyooka.

Kinachonivuta zaidi ni R7, ya mwisho kati ya seli nane za kuhisi mwanga katika kijicho na yenye kuona miale ya urujuanimno. R8 hubeba protini iitwayo Boss; R7 huigusa kwa kipokezi cha Sevenless na hapo hupata kazi yake. Kipokezi kikikosekana, seli haifi: huwa seli ya koni, fundi wa lenzi. Katika maabara ya mwanabiolojia Seymour Benzer huko California, nzi wa namna hiyo walijulikana kwa kuchagua taa: wenzao walikimbilia urujuanimno, wao wakaenda kwenye kijani. Mwaka 1976 maabara hiyohiyo ilionyesha kwamba seli za kijicho kimoja si lazima zitoke kwa seli mama mmoja. Ujirani una nguvu kuliko ukoo.

Jaribio linalofuata: nitaiondoa Boss kwenye R8 moja tu, katikati ya jicho. Kwa kuwa Boss imeshikamana na utando na haisambai, kijicho hicho peke yake ndicho kinachopaswa kukosa R7. Vijicho vya pembeni vikiikosa pia, kanuni zangu za mguso zitabidi ziandikwe upya.