Mwani wa kwenye kina

Bamvua lililopita, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, nimelikosa. Kikao cha kupitia maendeleo ya utafiti kilipangwa siku ileile maji yanapokupwa kabisa, na aliyekipanga hana sababu ya kuangalia mwezi. Nikakaa penye kiyoyozi kueleza habari za mwani, na mwani wenyewe uko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, haujapimwa. Bamvua huja mara mbili tu kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukipevuka. Ukilikosa moja unangoja maji mafu, yanayopwa kidogo tu, yapite, na zao lenyewe ni la wiki sita hivi.

Leo nimefika. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, niliyofunga kwenye vigingi karibu na ufuo imepauka matawi, mengine yanakatikia mkononi. Sikushangaa. Saa nne asubuhi maji yanafika magotini, jua limeyakalia, ukiingia unahisi umekanyaga maji ya kuogea mtoto. Spinosamu ya jirani, aina nyingine ya mwani, inavumilia, lakini bei yake ni ya chini, na hilo kila mwanamke hapa analijua tangu kilimo hiki kianze mwaka 1989.

Jibu la kitaalamu ni kupeleka kotonii kwenye kina, ambako maji hayachemki. Katika andiko langu la utafiti lilichukua mstari mmoja. Kisha nikaongeza, kwa kujiamini kabisa: "Kikwazo: wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea."

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia mkulima mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe huko kwenye kina utaingia?"

Nikacheka, maana nimekulia Dodoma. Kamba zangu za kwenye kina walizifunga vijana wa ngalawa. Mimi hukaa nimevaa jaketi okozi, nimeshika ubao wa ngalawa kwa mkono mmoja, wao wanazama na kunisomea kipimajoto, naandika. Kwenye ripoti inasomeka "mtafiti alipima". Miaka miwili hakuna aliyeniuliza kama najua kuogelea, nami sikusema. Ukiwa mwanamke pekee kwenye safari hutaki kuwa wa kwanza kutaja woga.

Jioni nimesoma tena makala za Dk. Flower Msuya, aliyewafuatilia wakulima wa mwani Zanzibar kwa miongo. Ninachompendea ni kwamba mmea na anayeulima huwaandika kwa kalamu moja. Mimi nilikuwa nimewatenga, na nikajiweka upande wa wanaojua.

Nimeufuta ule mstari wa kikwazo. Bado sijapata maneno ya kuweka pale. Nimeandika tu swali, nani atafunga kamba?, na msimamizi wangu akiliona atasema hilo si la sayansi ya bahari.

Nimeomba jaketi la pili kwa bamvua lijalo. Bibi amesema atapanda ngalawa, mradi tuondoke kabla jua halijawa kali na nisimwambie mwanawe.