"Nzuri sana, ila…": ninavyofanyia kazi maoni ya skripti

Msomaji wa kwetu akikurudishia skripti ya filamu atakwambia, "Hongera, nzuri sana, ila…" Yaliyotangulia "ila" ni adabu tu. Maoni yanaanzia hapo kwenye "ila", na wengi huishia njiani kwa kukuonea haya. Dawa niliyoiona inafaa ni kuacha kabisa kuuliza kama mtu ameipenda. Badala yake nampa skripti pamoja na maswali manne: Ulichoka ukurasa wa ngapi? Wapi ulirudi nyuma kusoma tena? Ulipofika ukurasa wa 30, ulidhani mambo yataishia wapi? Kuna mhusika uliyemsahau mpaka alipotokea tena? Mzee anayeona vibaya kusema "inachosha" hapati shida kusema "ukurasa wa 41".

Wasomaji watano wanatosha, lakini siwapi wote rasimu ileile. Kusoma kwa mara ya kwanza hakurudiwi: akishajua nani mwizi, hawezi tena kukwambia kama alimgundua mapema. Wawili wanapata rasimu ya kwanza, watatu nawatunza kwa ajili ya ya pili. Kati yao awepo mwandishi mwenzangu, mhariri wa picha, mtazamaji wa kawaida, na mtu anayeyajua mazingira ya hadithi. Kama mambo yanatokea bandarini, basi kuli wa bandarini.

Wakati wa kusikiliza sijitetei. Nikianza na "hapo nilimaanisha…", msomaji anaelewa, anatosheka, na dosari inabaki palepale kwenye karatasi. Mtazamaji ukumbini hatakuwa na mimi ubavuni nimfafanulie. Naandika maneno yake kama alivyoyatamka, si muhtasari wangu. Hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp nauandika neno kwa neno, maana pale aliposita ndipo penye jambo. Kisha siku tatu siligusi faili.

Siku ya nne nachora jedwali la safu nne: ukurasa, maneno ya msomaji, ugonjwa, dawa. Safu ya ugonjwa ndiyo inayokula muda, kwa sababu wasomaji wengi hukuletea dawa: "mpe mke", "huyu afe mapema". Dawa yao mara nyingi siitumii, lakini ukurasa waliouonyesha nauamini. Dairekta akitaka sini (tukio moja la mahali pamoja na wakati mmoja) irefushwe na prodyuza akitaka ifupishwe, wote wawili wameona kwamba sini ile haifanyi kazi yake, kila mmoja ameagua kwa fani yake. Tena panapouma sipo palipoumia. "Mwisho haukunigusa" inaandikwa ukurasa wa 88, kumbe ukurasa huo ni mzima. Kinachokosekana ni cha ukurasa wa 15, ambapo hatukuonyeshwa baba na mwana wakipatana hata mara moja. Bila hayo, ugomvi wao hauna cha kuvunja.

Skripti za Kiswahili zina mtego wake. Ukiomba fedha nje, msomaji anasoma tafsiri ya Kiingereza, na maoni yake ni juu ya tafsiri hiyo. Chukua sini hii:

NDANI. SEBULENI – USIKU
Baba amekaa, redio inasema. Idi anaingia.
IDI: Hela iko wapi?

Mswahili anashtuka: mtoto kaingia bila shikamoo! Msomaji wa tafsiri anaona kijana anaulizia hela, basi, na anaandika kwamba mgogoro unachelewa kuanza. Ukimpuuza kwa kuwa hajui mila zetu, umepoteza maoni mazuri. Ukimtii kwa kuongeza matusi, umeiharibu sini. Mimi nahamisha salamu isiyotolewa kutoka kwenye maneno nikaiweka kwenye vitendo:

Idi anaingia. Baba anapunguza redio. Anasubiri. Idi kimya. Baba anaongeza redio.
IDI: Hela iko wapi?

Sasa inasomeka kwa lugha yoyote, na hata kwa Kiswahili imekuwa kali kuliko mwanzo.

Kwenye kurekebisha, mpangilio una maana. Kwanza muundo wa hadithi, kisha wahusika, kisha sini mojamoja, halafu mazungumzo, mwisho kabisa tahajia. Anayeanza na mazungumzo anang'arisha maneno ya sini ambayo wiki ijayo itakatwa, na kibaya zaidi, akishaing'arisha anaionea huruma. Kila duru nahifadhi faili jipya lenye namba ya rasimu na tarehe. Vilivyokatwa vinakwenda kwenye faili niliyoiita "jalala". Mkono unakata bila woga ukijua hakuna kinachopotea.

Mazungumzo yanapimwa kwa masikio. Nakusanya waigizaji, hata wa ridhaa, wasome mezani kwa sauti, mtu mwingine asome maelezo ya vitendo, mimi ninyamaze na kalamu. Skripti iliyopangwa kwa kanuni, kwa herufi za Courier pointi 12, hukadiriwa dakika moja ya filamu kwa ukurasa. Kurasa 95 zikisomwa kwa muda wa saa mbili na nusu, maelezo ni mengi mno. Muigizaji akijikwaa mara mbili kwenye sentensi ileile, sentensi ndiyo mbovu. Mara nyingi ni Kiswahili cha kamusi kimewekwa kinywani mwa konda wa Mbagala.

Maoni ya bajeti huwaudhi waandishi, sijui kwa nini. Prodyuza akisema sini sita za usiku nje ni nyingi, anahesabu taa, jenereta, ulinzi na usafiri wa watu kurudi makwao. Mara nyingi mbili zinaweza kuhamia ndani na moja kuunganishwa na nyingine, hadithi isijue.

Tarehe za kupiga picha zikishapangwa, namba za sini hazisogezwi tena. Sini mpya kati ya 23 na 24 inaitwa 23A, iliyofutwa inabaki na namba yake ikiandikwa "imeondolewa", na kila mstari uliobadilika unawekewa nyota pembezoni. Kwa desturi ya Marekani kurasa za mabadiliko ya kwanza huchapwa kwenye karatasi ya bluu, zinazofuata waridi, kisha njano. Ukisogeza namba, ratiba na orodha ya mavazi vinavurugika, na muigizaji anafika na shati la sini nyingine.